Maswali ya Wasomaji: Kupanda Lava Tower, Kisha Kushuka Tena

SWALI: Nimelipia safari ya siku saba ya Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Ratiba inasema siku ya tatu tunaondoka kambi ya Shira, mita 3,800 hivi, tunapanda hadi mwamba wa Lava Tower, mita 4,600, halafu tunashuka kulala Barranco, mita 3,900 na ushei. Jasho la kutwa nzima kwa faida ya mita mia! Nasikia wapagazi wana njia ya chini inayokata moja kwa moja. Kwa nini nisiwafuate? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ipite hiyo ya chini iwapo tu kiongozi wako ameona unaumwa na kuamua hivyo. Kama u mzima, usiikwepe Lava Tower.

Pale juu mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 57 tu ya ule wa pwani. Mwili hujibu kwa kuhema haraka, na figo nazo huanza kurekebisha damu. Kazi hiyo huendelea hata ukishashuka, nawe unailalia Barranco penye hewa ya kutosha zaidi. Sasa tazama ratiba yako mbele: siku ya tano unafika kambi ya Barafu, mita 4,670 hivi, karibu sawa na Lava Tower. Ukiiruka ya kwanza, Barafu ndipo utakapokutana na hewa hiyo mara ya kwanza, saa chache kabla ya kuamshwa usiku kwenda kileleni. Hapo ndipo wengi hushindwa.

Siku hiyo ya Lava Tower huharibika asubuhi. Njia kutoka Shira haina mwinuko mkali, kwa hiyo watu hukimbia. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza mwendo, hata wenzako wakikupita. Beba lita tatu za maji, unywe mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20, ili ukifika Lava Tower uwe umemaliza nusu. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi maana yake umechelewa. Hamu ya chakula itakutoka. Kula hivyo hivyo, na uweke kashata au karanga mfukoni, siyo ndani ya begi. Koti la mvua nalo libaki kwenye begi lako dogo, juu kabisa. Ukilitia kwenye mzigo wa mpagazi, ukungu utakapoingia mchana yeye atakuwa ameshafika kambini.

Kichwa kuuma kidogo pale juu ni kawaida, na kwa kawaida hutulia ukishashuka. Kisipotulia, au kikifuatana na kutapika, mwambie kiongozi usiku huo huo. Kuna kipimo rahisi: tembea hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha nyuma. Anayeyumba, au anayehema akiwa ameketi tu, ashushwe saa hiyo hiyo, tena asiachwe ashuke peke yake.

SWALI: Nikimeza Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mlimani, nahitaji kweli mambo hayo yote? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndiyo. Dawa hiyo huharakisha mwili kuzoea, haiuzoeshi badala yako. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini mwone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru. Tarajia ganzi ya vidole na kukojoa mara kwa mara.

SWALI: Mwenzangu alirudi kucha za vidole gumba vya miguu zimekuwa nyeusi. Baridi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mara nyingi ni mteremko. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka, mita 3,100 hivi, mtu hushuka karibu mita 2,800 kwa siku moja, na kila hatua kidole kinagonga pua ya kiatu. Kata kucha siku chache kabla ya safari, zinyooke. Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi nene: sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, na kidole cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Kabla ya kuanza kushuka, gonga kisigino chini mguu urudi nyuma, legeza kamba juu ya vidole, kisha kaza sana pale kifundo kinapokunjikia. Rudia kukaza kila mnapopumzika, maana kamba hulegea.