Re: Windows zinaona folda ya Mac ila hazisevu

Mbukwa mkuu. Kwa hiyo folda unayoshea toka kwenye Mac inaonekana kwenye kompyuta za Windows, faili linafunguka, ila mtu akitaka kusevu kazi ya mwenzake anaambiwa hana ruhusa. Hilo lilinitoa jasho ofisi moja pale Area C, Dodoma.

Usianze na Windows. Kwenye Mac, ingia mipangilio ya kushea mafaili, fungua machaguo ya SMB (njia ambayo Windows na Mac hutumia kushea mafaili kwenye mtandao) uone kama kila yuza amewekewa tiki ya Windows na paswedi yake imeingizwa. Halafu tengeneza kundi moja la yuza wote, lipe kusoma na kuandika kwenye folda kuu, kisha shusha ruhusa hizo kwa vyote vilivyomo ndani. Hapa ndipo tunateleza: faili jipya huwa mali ya aliyelitengeneza, wengine wanabaki wasomaji tu. Na ukihamisha faili kwa kuliburuta ndani ya diski ileile, linakuja na ruhusa zake za zamani. Mimi siku hizi nakopi, sihamishi.

Windows nayo hung'ang'ania paswedi ya zamani. Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika net use * /delete (itakata folda zote za mtandao, usishtuke), ingia upya.

Ikigoma, tuambie Mac ina toleo gani.