Toba yangu ya Sake ilikuwa nusu

Juzi usiku binti mmoja wa hapa Goma aliniandikia. Anauza katika duka la shangazi yake, na kwa miezi kadhaa amekuwa akichomoa franga kwenye kisanduku. "Mama, nimefunga siku tatu, nimelia mpaka nimepata amani. Kama Mungu amenisamehe, bado ni lazima shangazi ajue?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Swali hilo mimi nililijibu vibaya kwa miaka miwili.

Nani wetu amesahau Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021, mlima wa moto wa Nyiragongo ulipopasuka jioni? Wakati huo nilikuwa mtunza pesa wa likelemba, mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, ya wamama wa korali ya kanisa. Tulikuwa 14, kila mmoja dola 20 kwa mwezi, jumla 280. Zamu ya mwezi ule ilikuwa ya jirani yangu wa mtaa wa Majengo, mjane anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia. Pesa zake nilikuwa nazo mimi, zimefungwa kwenye pembe ya kitenge.

Tarehe 27 serikali ikaamuru kartie nyingi, yaani mitaa ya mji, zihame, ikisema magma iko chini ya mji na chini ya ziwa. Nikatembea hadi mji mdogo wa Sake, godoro kichwani, watoto wawili mbele yangu, ardhi ikitetemeka. Usiku, kwenye baraza la watu nisiowajua, nililia kweli. Nikamwambia Mungu, ukinirudisha nyumbani nitakuwa mtu mwingine.

Alinirudisha. Nyumba nikaikuta imesimama, na zile dola 280 zilikuwa bado kwenye kitenge changu. Lakini mtaji wangu wa sambaza, samaki wadogo ninaouza pale soko la Kituku, ulikuwa umekwisha kabisa. Nikawaambia wamama kwamba pesa zilipotea kwenye msongamano wa Sake. Waliniamini. Wengine walinipa pole.

Halafu nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilisema moto wa Nyiragongo umenitubisha, kwamba nimetenda dhambi nyingi, na kanisa zima likalia pamoja nami. Angalieni neno hilo, "nyingi". Sikutaja hata moja. Miezi ile wahubiri kadhaa walisema lava ni hukumu ya Mungu juu ya uasherati wa mji huu, nami niliitikia amina kwa sauti kubwa, nikiwa na pesa ya mjane tumboni. Sikukumbuka kwamba Yesu alikwisha kuulizwa jambo la namna hiyo. Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe: sivyo, lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo. Watu wa Buhene waliopoteza nyumba zao kwa lava hawakuwa wabaya kuliko mimi wa Majengo. Mimi ndiye niliyeachiwa nafasi, nikaitumia kuuza samaki.

Kilichonivunja hakikuwa mahubiri. Mwaka 2023 yule mama wa makala alikuja kwangu jioni, mtoto wake ana homa. Nikampa franga 5.000 za dawa. Alizishika kwa mikono miwili, vidole vyeusi vya makala, akasema, "Dada, Mungu akulipe kila ulichonitendea."

Sikulala. Zaburi zote za toba nilikuwa nimezisoma, lakini usiku ule nilifika kwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, nikashindwa kufunua ukurasa. Yeye hakusema tu kwamba ni mwenye dhambi. Alisema atamrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Na sheria ya Musa, Hesabu sura ya 5, inataka mkosaji aungame, arudishe chote, aongeze sehemu ya tano. Yangu ilikuwa dola 336. Neno la Kiebrania la toba lina maana ya kurudi, kama mtu aliyekosea njia anavyogeuka. Huwezi kurudi ukiwa umekaa kwenye benchi unalia, binti yangu. Lazima uinuke uende.

Nikaenda na dola 40 za kwanza. Nilimwambia kila kitu, pamoja na uongo wa Sake. Hakupiga kelele. Alichukua zile noti mbili za 20, akaziinua kwenye mwanga wa mlango, moja moja, akanirudishia moja. "Hii imepasuka pembeni. Haipokelewi." Basi. Nilikwenda kubadilisha noti, nikarudi.

Viongozi wa kanisa nao niliwaambia. Waliniondoa kwenye likelemba, sawa, hiyo ilikuwa haki. Lakini waliniondoa na kwenye korali, na wamama waliolia nami mwaka 2021 wakaacha kunisalimia. Toba yangu isiyo na hesabu waliipigia makofi. Ilipopata hesabu, wakageuza uso. Bado inaniuma, sitaficha. Lakini nililipa zote 336, na benki za Goma zilipofungwa mwaka 2025 nilikuwa nimekwisha kumaliza. Nalisema hilo kwa shukrani, na ndiyo, kwa fahari kidogo.

Kwa hiyo, binti yangu, nenda. Amani unayoisikia baada ya kufunga ni nzuri, lakini shangazi yako bado hana pesa zake. Mtajie Mungu jina la dhambi na kiasi chake, kisha umtajie na shangazi kiasi hicho hicho. Usitume kwa simu, nenda mwenyewe. Kama huna zote, anza na ulizo nazo. Katika Mathayo 25 Mfalme anayehukumu hawaulizi watu walilia mara ngapi, anazungumzia wenye njaa na wagonjwa, na kumbe ni yeye mwenyewe waliyemnyima. Fikiria siku ile amesimama mahali pa mama wa makala! Mimi nafikiria hivyo kila ninapopita kwake. Leo tupo hai, mlango uko wazi, nenda leo.

Usingoje akukumbatie. Huenda akakufukuza dukani, na utakuwa umetubu vilevile. Na kabla hujatoka nyumbani, angalia noti zako pembe zote nne.