Behewa la mbao na kichwa cha treni cha mvuke: tuanzie wapi?

Ndugu, umesema kikundi chenu cha kujitolea kimepewa vyote viwili, na wenzako wanataka kuanza na kichwa cha treni. Naielewa hamu yao, lakini anzeni na behewa.

Funikeni paa kwanza, kwa turubai linaloacha hewa ipite chini yake. Maji ya mvua huozesha nguzo kwa ndani huku ubao wa nje ukionekana mzima. Kisha pigeni picha kila kiungo kabla ya kukifungua, na kila bolti iingie kwenye mfuko wenye namba ya picha yake. Inachosha, najua, ila watu wa kujitolea huja na kuondoka; atakayefunga huenda asiwe aliyefungua.

Msikwangue rangi ya zamani wala kugusa kizuia joto cha boila (tangi la chuma linalochemsha maji kuwa mvuke) kabla ya vipimo. Rangi hizo mara nyingi zina madini ya risasi, na kizuia joto huweza kuwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yenye vumbi la hatari kwa mapafu, ambayo huondolewa na wenye kibali tu.

Boila msiiwashe hata kwa majaribio! Mkaguzi aliyeidhinishwa apime kwanza unene wa chuma, kisha ajaribu shinikizo kwa maji baridi, kwa sababu chuma kikipasuka na mvuke ndani huua.

Kuhusu fedha, msitawanye nguvu. Talyllyn kule Wales, reli ya kwanza duniani kuendeshwa na watu wa kujitolea, ilianza 1951 ikitegemea zaidi kichwa kimoja, Dolgoch. Vichwa vingine vilisubiri zamu yavyo.