Funga Kitabu Kwanza

Juzi usiku nilikuwa nimeshaweka simu kwenye chaji nilale, ukaingia ujumbe kutoka kwa msichana wa kidato cha tatu anayekaa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Aliandika hivi: "Dada, nasoma kila siku mpaka saa nane usiku. Sina mchezo. Muhula huu nimepata D+ tena. Mama ameanza kuniuliza kama kweli naenda shule. Nifanye nini?"

Hayo maneno "sina mchezo" yalinichoma. Niliyasoma mara tatu, usingizi ukaruka. Msichana huyu ni wa kundi lililofanya KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, kundi la mwisho la 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu Kenya, na anajua kwamba nyuma yake hakuna kidato kingine kinachokuja. Anasoma kwa hofu. Namjua mtoto huyo. Nilikuwa yeye.

Mwisho wa mwaka 2009 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya kutwa kisiwani. Darasa lilikuwa na wanafunzi 52, mimi nikawa wa 47. Hesabu nilipata 11 kwa mia, kemia 19. Mwalimu mmoja alikuwa na mtindo wa kurudisha karatasi kuanzia aliyepita sana mpaka wa mwisho, na kila mwenye kupitia darasa la namna hiyo anajua vile moyo unavyodunda jina lako likichelewa kutajwa. Yangu aliishika kwa pembe, kwa vidole viwili, akasema mbele ya wote: "Wewe rudi ukamsaidie mamako kukaanga viazi. Huko ndiko mwisho wako."

Darasa likacheka. Mamangu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi, jioni viazi karai na bajia, hapo hapo barazani kwetu. Karo yangu yote ilitoka kwenye karai ile. Miaka imepita mingi, lakini nikisikia mafuta yanachacharika, sauti ya mwalimu yule hunirudia kama ya jana.

Basi Januari 2010 nikajiapiza. Nikafanya kila nililosikia wanafunzi wazuri wanafanya. Niliweka miguu ndani ya beseni la maji baridi nisilale. Nilipiga mistari ya manjano kwenye madaftari mpaka kurasa zikawa za manjano tupu. Saa nane usiku mamangu akiamka kuangalia unga wa mahamri kama umeumuka, alinikuta mezani. Alikuwa akinifunika leso mabegani, haambii mtu kitu. Mtihani wa kwanza wa muhula ulipokuja, nikawa wa 44. Nafasi tatu tu, kwa usiku wote ule.

Jibu nililipata kwenye feri ya Likoni, niliyovuka nayo kwenda shule. Asubuhi hiyo foleni ilikuwa imefika mbali, feri moja ilikuwa mbovu, na tulipofunguliwa tukaingia kwa kusukumana. Nikabanwa katikati ya watu na mikokoteni, begi nimelikumbatia kifuani, hata mkono kuutoa ni shida. Tulikuwa na mtihani mdogo wa bayolojia saa mbili, somo la moyo, na usiku uliopita nilikuwa nimelisoma mara nne. Kwa kuwa daftari halifunguki, nikajiambia nijiulize mwenyewe. Damu ikitoka mwilini, huingia chumba gani kwanza?

Kimya. Nikajaribu tena. Niliuona ukurasa wenyewe waziwazi: buluu upande mmoja, nyekundu upande mwingine, doa la mafuta ya taa pembeni. Maneno hayakuwepo. Mara nne nimesoma, na sina hata jina moja la vali. Nilishikwa na woga, na mtu wa kwetu akishikwa na woga hukimbilia anachokijua; nikaanza kusoma Yasin kimoyomoyo. Ikaja. Aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka feri inagusa kisiwani sijakwama popote. Yasin ina aya 83, na nilikuwa na miezi sijaisoma kwa kutazama msahafu.

Nikasimama pale kwenye mteremko watu wananipita. Kwa nini kile nilichojifunza nikiwa na miaka 9 kimekaa, na cha jana usiku kimeondoka?

Kwa sababu chuoni, madrasa ya Kurani, maalim hakutuacha tusome tu. Tulisoma, halafu msahafu ukafungwa. Unakaa mbele yake, unaanza. Ukikosea, anagonga mkeka kwa kifimbo, unarudi nyuma. Na kabla hajakupa darsa jipya, anataka la jana, kisha la wiki iliyopita. Hakuna aliyeruhusiwa kusema "nimesoma." Aliyesema hivyo aliambiwa, "Haya, lete."

Neno hilo "lete" ndilo lililonibadilisha maisha. Shuleni hakuna aliyeniambia nilete. Nilikuwa natazama daftari, macho yanazoea ukurasa, nami nikadhani kuzoea ni kujua.

Baadaye sana, nimeshakuwa mtu mzima, nikaja kusoma kwamba wataalamu wa akili wamelipima jambo hili. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha jinsi tulichojifunza kinavyomwagika haraka siku za mwanzo kisipopitiwa tena. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, walitoa matokeo ya wanafunzi waliopewa kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kutazama. Wiki moja baadaye, waliorudia kusoma walikumbuka kama asilimia 40, na waliojijaribu kama asilimia 61. Nilipoisoma nilifurahi, lakini sikushangaa. Maalim wetu angeniuliza kwani hao walikuwa hawalijui hilo.

Kuanzia siku ile nikatupa beseni. Nilisoma somo mara moja, taratibu, nikafunga daftari, nikachukua karatasi tupu na kuandika kila kitu ninachokumbuka. Mara za kwanza zilikuwa mistari minne, mitano. Inauma, nakwambia. Unatamani ufungue utazame. Usifungue. Ukae na ile kimya mpaka uumize kichwa, ndipo ufungue uone ulichoacha. Asubuhi kwenye feri nikawa nalileta tena, begi limefungwa, kutoka ng'ambo mpaka kisiwani. Jioni wakati wa kurudi, naleta la wiki iliyopita. Watu walinidhania naomba dua.

Kitu cha pili kilikuwa daftari la kurasa 96 nililoandika juu yake "Makosa Yangu." Kila swali nililokosa liliingia humo: swali, nilichoandika, jibu la haki, na sababu. Sababu ndiyo muhimu. Ukurasa wa kwanza bado naukumbuka. Swali lilitaka moli zilizomo ndani ya sentimita 25 za ujazo za maji ya dawa yenye moli 0.1 kwa kila lita. Mimi niliandika 2.5. Jibu ni 0.0025. Chini yake niliandika kwa kalamu nyekundu: "Nimezidisha 0.1 kwa 25 nikasahau kugawanya kwa 1000. Wamesema lita, mimi nina sentimita. Tazama vipimo kabla ya kuzidisha." Kosa hilo hilo nilikuwa nimelifanya mara sita katika mitihani mitatu, na nilikuwa nikijiita mjinga. Haukuwa ujinga. Lilikuwa kosa moja lenye jina lake, linalorudi kwa sababu hakuna aliyelifungia mlango.

Kwenye hesabu daftari lile lilinionyesha jambo jingine. Karatasi ya hesabu ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ni ya saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, ya pili ina maswali 8 na unachagua 5, kila moja alama 10. Nilikuwa nikifuta kazi yangu nikiona jibu si zuri. Nikafuta alama zangu mwenyewe! Msahihishaji anatoa alama kwa njia, hatua kwa hatua, hata jibu la mwisho likiwa baya. Ukikosea, piga mstari mmoja kisha endelea. Andika kila hatua, hata ile unayoiona ya kitoto.

Na kitu cha tatu, kama ni cha tatu, maana ni kile kile cha kuleta: mfundishe mtu. Mimi nilimfundisha mamangu. Shuleni tunasomeshwa kwa Kiingereza, na ni rahisi sana kumeza maneno ya Kiingereza bila kuyaelewa. Jioni moja alikuwa akikata vitunguu vya kachumbari, akavinyunyizia chumvi, akaviweka kando. Nikamwambia, mama, shuleni leo tumesoma osmosisi. Akaniuliza ndiyo nini. Nikaanza na Kiingereza changu cha kitabuni, akanitazama tu. Nikaanza upya kwa Kiswahili: kuna ngozi nyembamba inayopitisha maji lakini haipitishi chumvi, na maji hutoka palipo na chumvi kidogo kwenda palipo na nyingi.

Mamangu akainamisha bakuli kidogo. Maji yalikuwa yamejikusanya chini ya vitunguu, na vitunguu vyenyewe vimelegea. "Si haya?" akasema. "Maji yamefuata chumvi. Mie haya nayaona tangu sijakuzaa." Swali la osmosisi lilikuja kwenye mtihani wa mwigo. Niliandika nikiiona bakuli ile.

Kidato cha nne sitakisimulia sana. Ni kuleta, kuleta, kuleta. KCSE nilifanya mwaka 2011. Matokeo yalipotoka mapema mwaka uliofuata nilituma ujumbe kwa simu ya mamangu, na jibu liliporudi mikono yake ilikuwa na unga, akaniambia soma wewe. B+, pointi 68 kati ya 84. Aliketi chini barazani, wateja wamesimama, akasema, "Leo viazi ni vya bure." Na kweli vilikuwa vya bure.

Nilipokwenda shuleni kuchukua karatasi ya matokeo nilikutana na mwalimu yule mlangoni. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, niliyoitunga kwa miaka miwili kwenye feri. Akanipa mkono, akasema hongera sana, nilijua tu utafanya vizuri. Alikuwa hakumbuki. Kwake ilikuwa Jumanne ya kawaida. Kwa hivyo, walimu mnaosoma hapa, nawasihi: mdomo wenu ni mzito kuliko mnavyodhani. Mtoto aliye wa 47 anajua tayari kuwa ni wa 47. Muonyesheni kosa lake ni lipi, na mamake msimtaje.

Nanyi wazazi, mtoto akikwambia amesoma, usimuulize amesoma saa ngapi. Mwambie alete. Huna haja ya kuijua kemia. Mamangu hakumaliza darasa la saba, na ndiye mwalimu wa bayolojia bora niliyepata kuwa naye.

Nanyi wanafunzi. Najua mnataka A, na sitaki mtu awadanganye kwamba haiwezekani. Lakini acheni kujisifu kwa kukesha. Usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga uliyosoma. Ukiukata, umekata kazi nusu. Simu iwekeni chumba kingine, msijidanganye kwamba mtaigeuza uso chini itoshe. Karatasi za mitihani iliyopita msizisome kama hadithi, huku mwongozo wa majibu umewekwa kando. Kaeni nazo na saa mezani, majibu yakiwa mbali. Na mkikosea, mshukuru, mwandike. Daftari langu la makosa lilijaa, nikanunua la pili, la pili likajaa nusu. Ile nusu tupu ndiyo B+ yangu. Leo nafanya kazi maabara ya hospitali, na hakuna siku inayopita bila kugawanya kwa 1000.

Sasa nikujibu wewe uliyeniandikia. Usiku huu soma somo moja tu, lolote, mwisho saa nne, kisha ulale. Kesho ukiwa kwenye feri usifungue begi. Washa simu, unirekodie kwa sauti kila unachokumbuka, kwa Kiswahili, hata kama ni mambo matatu na mawili kati yake si sahihi. Usijali kelele za watu. Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa kwenye matatu naenda kazini, nitakusikiliza.