Jibu: Mwenyekiti kasaini na kampuni, wanakijiji hatukuitwa

Mkuu, salaam. Nimekuelewa hivi: mwenyekiti na wenzake wachache wamesaini karatasi na kampuni ya kilimo, nyinyi hamkuitwa, na sasa mashamba yanapimwa.

Anzeni na muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwombeni mtendaji kwa barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkiupata, pitieni mahudhurio jina kwa jina. Kwetu tulikuta saini za marehemu, na hapo ndipo wilayani walianza kutusikiliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya 1999 inataka mkutano mkuu, si mwenyekiti, uamue kuhamisha ardhi isiyofika hekta 250. Zaidi ya hapo anaamua waziri, baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Fidia nayo ikubaliwe kabla ardhi haijahama: aina, kiasi, na lini italipwa.

Ahadi za ajira na zahanati zidaini kwa maandishi. Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ilichukua zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 kulima mibono (jatropha) ya kutengeneza mafuta. Mwaka 2011 mradi ukaanguka, watu wakabaki bila kazi wala ardhi. Inauma sana.

Karatasi ya posho ikipitishwa kikaoni, someni kichwa chake kabla ya kusaini, saini zenu zisije zikageuzwa kuwa ridhaa ya kutoa ardhi.