Kumpata mwalimu wa sauti: koo lako linasemaje kesho yake asubuhi?

Mdogo wangu, umeuliza umchukue nani kati ya watatu uliowapata hapo Dar: msanii mwenye jina anayefundishia studio, mwalimu wa kwaya ya usharika wenu, au dada anayefundisha kwa simu. Umesema unaimba sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, ukipanda juu sauti inakatika, na kila Jumapili ukitoka ibadani koo limekauka mpaka jioni. Hilo la koo ndilo lililonikalisha chini niandike kirefu, maana na mimi nilianzia hapohapo.

Mimi ni sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, tangu nikiwa Sunday School. Mwaka 2014 kwaya yetu ilikuwa ikijiandaa na Pasaka, na sauti ya kwanza walikuwa wachache. Mwalimu akanisikia nimegusa noti ya juu mazoezini, akanihamisha. Alikuwa anaimba vizuri sana, na sote tulimwamini kwa sababu hiyo. Nikimwambia koo linauma, anasema kaza, sauti inafunguka. Nikakaza. Na mchana nafundisha darasa la tatu, watoto zaidi ya sabini, bila kipaza sauti. Wiki mbili baada ya Pasaka nikawa naamka sauti haitoki kabisa.

Daktari wa masikio, pua na koo alipitisha kamera nyembamba puani, akaniambia nina vinundu kwenye nyuzi za sauti, kimoja kila upande, pale zinapogongana. Akanifananishia na sugu ya mkono wa mtu wa jembe. Sikupasuliwa. Niliambiwa nipunguze kuongea, ninywe maji, niache tabia ya kukohoa ili kusafisha koo, na nisinong'one, kwa kuwa kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha nyuzi. Miezi minne nilikaa kanisani bila kuimba hata pambio. Sitaki hilo likupate.

Aliyenirudisha ni mama mmoja mstaafu, aliyekuwa mwalimu wa muziki wa sekondari. Siku ya kwanza nilimpelekea wimbo niliotaka nifundishwe, akaukunja akauweka pembeni. Akaniuliza kazi yangu. Naongea saa ngapi kwa siku? Nina kiungulia? Nalala vipi? Ndipo akafungua kinanda, akaanza katikati, akapanda nusu hatua nusu hatua, macho yake yote kwenye kidevu changu. Kidevu kilipoanza kuinuka akasimama, akaandika noti ile daftarini. Nilijua naweza kwenda juu zaidi ya pale, nikamwambia. Akasema hiyo ya juu zaidi tutaifuata ikija yenyewe.

Mwezi mzima tuliimba kwa mrija wa soda. Unauweka mdomoni, unavumisha sauti ndani yake, unapanda na kushuka taratibu. Alinieleza kwa nini: hewa ikibanwa mbele, inasukuma kidogo kurudi nyuma, na nyuzi zinakutana kwa upole badala ya kugongana. Mwalimu anayeweza kukuambia zoezi fulani ni la nini, mshike. Anayekuambia fanya tu, mimi mwenyewe nilifundishwa hivi, muulize mara ya pili, na asipokuwa na jibu uondoke kwa heshima.

Sasa hao wako.

Msanii: usipime kuimba kwake. Mwombe akukutanishe na wanafunzi wake wawili waliokaa naye mwaka, uwasikilize hao. Wakiwa wote wanaimba kwa sauti yake yeye, pamoja na mikwaruzo yake, ujue anafundisha koo lake. Muulize pia atafanyaje na hapo unapokatika. Kwa wanaume wengi wa sauti ya tatu ni karibu na E, F mpaka F kali (F#) juu ya C ya katikati (natumia herufi za kinanda kwa sababu do yetu ya kwaya inahamahama). Hapo ndipo sauti ya kifua, ile nzito ya kuongelea, inapotakiwa kupokezana na ya kichwa, ile nyepesi ya juu. Mwalimu anayejua kazi atashusha nguvu, atabadilisha irabu, atakupitisha polepole. Akisema piga kelele zaidi, hapana.

Mwalimu wa kwaya usimwache. Lakini kazi yake ni kuwaunganisha watu arobaini kwa saa mbili, hawezi kukusikia wewe peke yako. Mwambie tu kwamba umeanza mafunzo, na umwombe kwa adabu asikupe zile beti wanazopandisha ufunguo, wimbo mzima ukahamia juu.

Dada wa kwenye simu anaweza kufaa, kwa sharti muonane ana kwa ana mara moja au mbili mwanzoni, akuone mabega na shingo. Kwenye simu sauti inachelewa, kwa hiyo hawezi kukupigia kinanda mkaimba sambamba. Atapiga, utajibu. Programu nyingi za simu pia hudhani noti ndefu ni kelele za nyuma, zinaikata. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuacha sauti ya asili, au ujirekodi na kumtumia faili.

Ungekuwa unataka taarabu ningekuambia mengine kabisa. Kule kuna noti zinazokaa kati ya vitufe viwili vya kinanda, na mwalimu anayekusahihisha kwa kinanda cha kawaida atakuondolea kile kilichokuwa sahihi. Ningekuelekeza Unguja, kwenye Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa mwaka 2002 na inayofundisha taarabu pamoja na ala zake za nyuzi, udi na kanuni.

Pesa: mimi nililipa shilingi 15,000 kwa dakika arobaini na tano, mara moja kwa wiki, mwaka 2015. Wewe lipia masomo mawili tu kwanza, usikubali kulipa miezi mitatu mbele. Na dada zangu mnaosoma hapa: mwalimu akitaka kukugusa tumbo au mbavu akuonyeshe pumzi, aombe ruhusa kwanza. Yule mama mstaafu aliyenifundisha alikuwa ananiambia niweke mkono wangu mwenyewe.

Baada ya kila somo fanya kipimo hiki. Kesho yake asubuhi, ukishaamka vizuri, imba mstari mmoja wa wimbo wa siku ya kuzaliwa, kwa noti za juu, lakini kwa sauti ndogo kabisa, kama unayeogopa kumwamsha mtoto. Noti zikitoka mara moja, uko salama. Hewa ikitangulia ndipo sauti ifuate, au noti zikiruka, huenda nyuzi zimevimba na somo lile lilikuumiza, hata kama ulilifurahia.

Na kabla ya kumlipa yeyote kati ya hao watatu: koo linalokauka kila Jumapili lisikilizwe. Kipimo hicho kifanye Jumatatu hii, na ukiwa una ukwaruzo uliopita wiki tatu, nenda kwa daktari wa koo kwanza. Halafu rudi hapa uniambie amekuambia nini.