Kulala kitanda cha lori, Mtwara hadi Dar

Pole dada. Umeuliza kama wewe na mwanao wa miaka 4 mnaweza kulala kitanda cha nyuma ya dereva, lori la korosho, mpaka Dar. Mtoto hapana, apande basi na mtu mzima. Breki ya ghafla ikikanyagwa, aliyelala anarushwa hadi kioo cha mbele, na mikono ya mama haimzuii.

Wewe ukipanda lori, kaa kiti cha abiria, funga mkanda. Ukilazimika kujilaza, iwe kitanda cha chini, wavu wake wa kuzuia aliyelala asirushwe umefungwa. Vuta kila kishikizo cha wavu kwa nguvu, kikilegea usilale. Madumu yasikae kitandani.

Mkiegesha njiani, Nangurukuru, msiwashe jiko la mkaa kabini: kaboni monoksidi, gesi ya mkaa unaowaka, haina harufu na inaua. Kichwa kikiuma na kichefuchefu, shukeni mara moja, mwende hospitali.